KUCHAGUA BUNDUKI YA KUVULIA CHINI YA MAJI: SOMO LA KANI, NURU NA PUMZI

Utangulizi

Uvuvi wa kuchoma samaki kwa mkuki ni miongoni mwa kazi za kale kabisa za binadamu. Hata leo katika pwani ya Afrika ya Mashariki, wakati wa bamvua maji yanapokupwa, watu huonekana wakitembea juu ya mwamba na kuchokoa pweza kwa mkuki au kwa chuma chenye ncha. Mvuvi wa namna hiyo husimama hewani, na windo lake limo majini.

Katika karne ya 20 lilitokea jambo jipya: mvuvi mwenyewe aliingia majini pamoja na silaha yake. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, watu waliokuwa wakiishi katika pwani ya kusini ya Ufaransa walianza kupiga mbizi wakiwa wamevaa miwani isiyopitisha maji, wakitafuta samaki kati ya majabali. Mmoja wao alikuwa Mmarekani Guy Gilpatric, aliyepata kuwa rubani, ambaye aliziba miwani yake ya urubani ili aitumie majini, na mwaka 1938 akachapisha kitabu juu ya uvuvi huo. Mwaka 1933 Mfaransa Louis de Corlieu alikuwa amekwisha kupata hataza ya mapezi ya mpira yavaliwayo miguuni. Miwani, mapezi na mrija wa kuvutia pumzi vilimpa binadamu nafasi ya kukaa karibu na samaki. Kilichobaki ni silaha ya kumfikia. Silaha hiyo ndiyo bunduki ya kuvulia chini ya maji. Wavuvi wa pwani huiita "bunduki" tu, ingawa haina baruti wala risasi, hurusha mshale.

Katika nchi kadhaa, Ufaransa na Italia zikiwamo, silaha hii huuzwa madukani kwa urefu na nguvu za kila namna. Katika Kenya na Tanzania imekatazwa na sheria za uvuvi, kwa sababu zitakazoonekana mwishoni mwa makala haya. Kwa hiyo mwanafunzi asomaye hapa hasomi ili akanunue bunduki. Asoma kwa sababu swali la mnunuzi, "Ipi iliyo bora?", ni swali zuri la sayansi. Jibu la haraka la watu wengi ni kwamba iliyo bora ni ile yenye nguvu zaidi, ndefu zaidi, na ifikayo mbali zaidi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba jibu hilo ni kosa, na kwamba kosa hilo laweza kugharimu maisha ya mzamiaji na uhai wa mwamba wenyewe.

Sehemu za bunduki na aina zake

Bunduki ya kawaida ina mwili mrefu wa mbao au wa bomba la madini, mpini wenye kifyatulio, na mshale wa chuma uliolala juu ya mwili huo. Karibu na ncha ya mshale pana kilimi kidogo kinachofunguka baada ya kupenya, ili samaki asichomoke. Mshale hufungwa kwa mshipi, na mshipi huo hufungwa kwenye bunduki yenyewe au kwenye boya lielealo juu ya maji.

Kinachotofautisha aina za bunduki ni mahali nishati inapowekwa akiba. Aina ya kwanza hutumia mipira iliyovutwa. Ya pili hutumia hewa iliyobanwa ndani ya silinda yenye pistoni. Ya tatu, ambayo siku hizi ni nadra, hutumia springi. Bunduki nyingi zinazotengenezwa kwa mkono katika vijiji vya pwani ni za aina ya kwanza: kipande cha mbao, mipira, na ufito wa chuma ulionolewa.

Katika aina zote tatu chanzo cha nishati ni kimoja, nacho ni misuli ya mzamiaji. Bunduki haiwezi kutoa nishati kubwa kuliko ile aliyoitia mwenye kuipakia. Hii ndiyo kanuni ya hifadhi ya nishati, na ndiyo kikomo cha kwanza cha uchaguzi.

Nishati ya mpira uliovutwa

Na ichukuliwe bunduki ambayo mpira wake huvutwa kwa umbali wa meta 0.6, na kani yake huongezeka taratibu kutoka sifuri hadi nyutoni 400. Kani hiyo ni sawa na uzito wa madebe mawili yaliyojaa maji. Ikiwa kani huongezeka sawasawa na mvuto, basi kani ya wastani ni nyutoni 200, na kazi iliyofanyika ni:

Kazi = 200 × 0.6 = jouli 120.

Jouli hizo 120 zimo ndani ya mpira zikiwa nishati tuli. Kifyatulio kikivutwa, sehemu yake hugeuka kuwa nishati mwendo ya mshale. Si zote. Mpira wenyewe una tungamo na lazima nao usogee; maji yaliyouzunguka lazima yasukumwe; na tena mpira haurudishi nishati yote uliyopewa, kwa kuwa sehemu hupotea kuwa joto. Kwa ajili ya hesabu, na ichukuliwe kwamba nusu tu, yaani jouli 60, huufikia mshale.

Mshale wa chuma wenye unene wa milimeta 7 na urefu wa meta 1.3 una tungamo la karibu kilogramu 0.4. Kutokana na kanuni ya nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara kasi ya kipeo cha pili:

60 = ½ × 0.4 × kasi²
kasi² = 300
kasi = karibu meta 17 kwa sekunde.

Hapa mnunuzi asiye na subira atasema: basi na ziongezwe nguvu za mpira. Lakini kanuni ya tatu ya Newton haisahau. Mshale ukienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Momenta ya mshale, yaani zao la tungamo na kasi, ni 0.4 × 17, karibu 7. Bunduki yenye tungamo la kilogramu 2, kama haikushikwa na chochote, ingerudi nyuma kwa kasi ya meta 3.5 kwa sekunde. Mkono wa mzamiaji, ambaye anaelea na hana ardhi ya kukanyaga, hauwezi kuizuia kabisa. Mpini huinuka na mshale hupotoka. Kwa sababu hiyo bunduki yenye mipira mingi lazima iwe na mwili mzito zaidi, na bunduki nyepesi iliyotiwa mipira ya ziada hupoteza shabaha kwa kadiri inavyozidi nguvu.

Mshale mwembamba na mshale mnene

Baada ya nguvu, mnunuzi hutazama unene wa mshale. Mshale wa milimeta 8 wenye urefu uleule una ujazo mkubwa zaidi kwa uwiano wa 8² kwa 7², yaani mara 1.31. Tungamo lake ni karibu kilogramu 0.52. Ukipewa jouli zilezile 60, kasi yake ni karibu meta 15 kwa sekunde tu, lakini momenta yake ni karibu 7.9.

Mshale mwembamba, basi, huwahi kufika, nao hufaa kwa samaki mwepesi wa mwamba kama tasi. Mshale mnene huchelewa, lakini haupotoshwi upesi, na hupenya magamba magumu ya chewa mkubwa. Nishati ni ileile. Mnunuzi anachagua tu namna ya kuigawa.

Jambo jingine ni ukinzani wa maji. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800 kwa ujazo uleule, na ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikizidishwa mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Ndiyo maana mshale ambao hewani ungeruka mbali sana, majini hudhoofika baada ya meta chache. Bunduki ya kawaida ya mpira hufanya kazi vema kwa umbali wa meta tatu au nne kutoka kwenye ncha yake. Kujaribu kuongeza umbali huo kwa kuongeza kasi ni kushindana na adui ambaye nguvu zake hukua upesi kuliko za mpiganaji.

Urefu wa bunduki

Bunduki ndefu ina faida ya wazi: mpira huvutwa kwa umbali mkubwa zaidi, kwa hiyo nishati huwa nyingi bila kuongeza kani. Tena mzamiaji hulenga vizuri zaidi akiwa na mwili mrefu wa kuangalia juu yake. Hasara yake haionekani dukani, kwa sababu dukani bunduki hugeuzwa hewani.

Samaki wa mwamba hapiti mbele ya ncha na kusimama. Hupita kando, na mzamiaji hulazimika kuizungusha bunduki upande huo. Kila kipande cha bunduki hupingwa na maji kwa kani inayolingana na kipeo cha pili cha kasi yake. Kasi ya kipande hulingana na umbali wake kutoka mkononi. Na uwezo wa kani hiyo kuupinga mkono nao hulingana na umbali huohuo. Vikizidishwa pamoja, kila kipande hupinga mzunguko kwa kadiri ya umbali wake wa kipeo cha tatu. Jumla ya vipande vyote, kutoka mkononi hadi nchani, ni urefu wa kipeo cha nne.

Maana yake ni hii: bunduki mbili zenye unene sawa, moja ya sentimeta 60 na nyingine ya sentimeta 120, zikizungushwa kwa kasi ileile ya mzunguko, ndefu humpinga mzamiaji si mara mbili bali mara 16. Hata ya sentimeta 90 humpinga mara tano zaidi kuliko ile ya 60.

Kwa ajili hiyo wazamiaji wenye ujuzi huchagua urefu kwa mahali. Ndani ya mapango na kwenye maji yenye tope hutumia bunduki za sentimeta 50 hadi 75. Kwenye mwamba wenye maji ya kadiri, sentimeta 75 hadi 100. Bunduki zinazozidi sentimeta 110 huwekwa kwa bahari ya wazi, mahali ambapo samaki kama nguru au kolekole huonekana kwa mbali na mzamiaji ana muda wa kujigeuza polepole.

Nuru ndani ya maji

Kipimo cha kwanza cha urefu ni jicho. Bunduki isifike mbali kuliko mwenye nayo anavyoweza kuona. Karibu na mdomo wa mto mkubwa, kama Rufiji au Sabaki, matope huifanya bahari iwe kama uji, na mshale ukapotelea ndani ya weupe huo mahali ambapo pengine yupo mzamiaji mwingine. Bunduki ifikayo meta nne katika maji ya kuona meta mbili ni hatari kwa watu kabla haijawa hatari kwa samaki.

Lakini hata katika maji safi jicho halisemi kweli yote. Nuru itokayo majini na kuingia katika hewa iliyomo ndani ya miwani hupinda. Kwa kuwa nuru husafiri hewani upesi kuliko majini kwa uwiano wa karibu 4 kwa 3, kitu kilichomo majini huonekana kikiwa kwenye robo tatu tu ya umbali wake halisi. Samaki aliye meta 4 huonekana yu meta 3. Mwanagenzi hufyatua akidhani samaki amefikiwa, na mshale humwishia njiani. Mvuvi aliyesimama mtumbwini hudanganywa kwa njia nyingine: yeye humwona samaki juu kuliko alipo, hivyo hulenga chini yake. Mzamiaji hakosei mwelekeo anapotazama mbele moja kwa moja, anakosea umbali.

Pamoja na umbali, ukubwa nao hukosewa. Samaki humwonekea mzamiaji kuwa mkubwa kwa theluthi moja hivi. Samaki wa sentimeta 30 huonekana kama wa sentimeta 40. Kosa hili si la kuchekesha. Pale ambapo sheria huruhusu kuvua samaki waliofikia kipimo fulani tu, mzamiaji asiyesahihisha jicho lake huua samaki wachanga huku akiamini kwamba ametii. Mvuvi wa wavu mwenye huruma aweza kumrudisha samaki mdogo majini akiwa hai, mshale haurudishwi.

Rangi pia hubadilika. Maji humeza nuru nyekundu kwanza, katika meta chache za juu. Kwenye kina cha meta 10 au zaidi damu ya samaki haionekani nyekundu; huonekana ya kijani au ya rangi ya majivu. Alama za rangi ambazo mtu hutegemea kumtambua samaki sokoni hupotea, na atakayefyatua ni lazima awe amezoea kumtambua samaki kwa umbo na mwendo wake.

Bunduki ya hewa na kina cha maji

Bunduki ya hewa huwa fupi kuliko ya mpira yenye nishati sawa, na mnunuzi huipenda kwa sababu hiyo. Hewa yake hubanwa hadi kiasi cha mara 20 ya kanieneo ya angahewa. Pistoni yenye kipenyo cha milimeta 13 ina eneo la sentimeta mraba 1.33, na kwa kanieneo hiyo husukumwa kwa kani ya nyutoni 265 hivi. Kani hiyo haipungui sana wakati pistoni inakwenda mbele, tofauti na mpira ambao kani yake huisha kadiri unavyorudi.

Lakini maji nayo husukuma. Kila meta 10 za kina huongeza kanieneo ya angahewa moja. Kwenye kina cha meta 20 maji huisukuma pistoni kutoka mbele kwa kanieneo mbili zaidi kuliko juu, na bunduki iliyokuwa na tofauti ya 20 hubakiwa na 18. Imepoteza sehemu moja katika kumi ya nguvu yake bila kuharibika chochote. Mpira hauathiriwi hivyo. Kwa upande mwingine mpira huzeeshwa na jua, nao hupasuka baada ya muda, wakati silinda ya hewa hudhoofishwa na chumvi na mchanga kwenye mihuri yake. Hakuna nishati iliyowekwa akiba bila malipo.

Pumzi ya mzamiaji

Mizani iliyo muhimu kuliko zote ni mapafu. Mzamiaji aliyevuta pumzi ya lita 6 juu ya maji, akifika meta 10 mapafu yake yana lita 3, na akifika meta 20 yana lita 2, kama kanuni ya Boyle isemavyo. Hewa haikupungua, imebanwa. Akipanda, hutanuka tena. Badiliko hilo la ujazo hulivumilia. Hatari kubwa imo katika oksijeni.

Mwili hautambui upungufu wa oksijeni kwa wepesi. Kinachomfanya mtu aone kiu ya kupumua hasa ni kuongezeka kwa kaboni dayoksaidi katika damu. Mzamiaji akihema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama, huifukuza gesi hiyo, lakini oksijeni yake haiongezeki kwa kiasi cha maana. Huko chini hujisikia mzima kuliko alivyo.

Na ichukuliwe kwamba kwenye kina cha meta 10 oksijeni iliyobaki mapafuni ni asilimia 8 ya hewa. Kanieneo hapo ni 2, hivyo sehemu ya oksijeni ni 0.08 × 2 = 0.16. Si nyingi ikilinganishwa na 0.21 ya hewa ya kawaida, lakini mtu bado ana fahamu. Anapopanda, kanieneo hushuka hadi 1, na sehemu ya oksijeni hushuka hadi 0.08. Ubongo hauwezi kuvumilia kiasi hicho. Mtu huzimia katika meta za mwisho, mara nyingi bila dalili yoyote, akiwa anaona mwanga wa jua juu yake. Asiposhikwa na mwenziwe mara moja, huvuta maji.

Uchaguzi wa bunduki unaingiaje hapa? Unaingia kwa njia mbili. Kwanza, kupakia mpira wa nyutoni 400 ni kazi ya misuli, na misuli inayofanya kazi hula oksijeni. Bunduki nzito humchosha mwenye nayo kabla hajazama. Pili, bunduki yenye nguvu humchoma samaki mkubwa ambaye mzamiaji hawezi kumleta juu, naye huanza kushindana naye akiwa amebakiwa na pumzi ya sekunde chache. Kwa sababu hiyo mshipi haufungwi mwilini kamwe. Hufungwa mahali ambapo mzamiaji anaweza kuuachia. Na kanuni ya wazamiaji wote wenye hekima ni kwenda wawili: mmoja akizama, mwingine yuko juu akimtazama hadi atakapotoka na kupumua. Wawili wakizama pamoja, kila mmoja yuko peke yake.

Samaki anayechaguliwa

Wanaoitetea bunduki husema kwamba ni zana ichaguayo. Haikokoti chini ya bahari kama juya, haivunji matumbawe kama baruti, wala haikamati samaki asiyetakiwa. Maneno haya yana ukweli. Lakini swali la mwanabayolojia ni hili: humchagua samaki yupi?

Jicho la mzamiaji humfuata mkubwa. Katika samaki wa aina nyingi jike mkubwa hutaga mayai mengi kupita kiasi cha ukubwa wake; kumwondoa mmoja si sawa na kuondoa mdogo mmoja. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, kisha baadhi hugeuka kuwa madume wanapokua. Mahali wavuvi wanapoondoa wakubwa kila mara, madume huwa haba. Pono naye hulala usiku ndani ya mianya ya mwamba, na mwenye taa na bunduki huwaokota kama mtu achumaye matunda.

Mfano wa pwani ya Kenya unajulikana kwa watafiti wa bahari. Tangu miaka ya 1980, Timothy McClanahan na wenzake wamelinganisha miamba inayovuliwa sana na ile iliyolindwa, kama hifadhi za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968. Katika miamba inayovuliwa walikuta nungu wa bahari wengi mno, wale wanyama wa mviringo wenye miiba. Katika hifadhi walikuwa wachache, kwa kuwa walikuwapo samaki wa kuwala, na wa kwanza kati yao ni kikande mwenye mistari ya rangi ya machungwa. Nungu wa bahari hula kwa kukwangua mwamba. Wakiwa wachache, hawana madhara. Wakizidi, huula mwamba upesi kuliko matumbawe yanavyoujenga. Si bunduki peke yake iliyowapunguza vikande; mitego na nyavu zimo. Lakini fundisho ni moja: aondoaye samaki mmoja ameondoa na kazi ya samaki huyo.

Sheria

Nchi mbalimbali zimejibu kwa njia mbalimbali. Ufaransa imeruhusu uvuvi huu kwa masharti: mvuvi awe ametimiza miaka 16, asitumie mtungi wa hewa wa kupumulia, asivue kati ya kuchwa na kucha kwa jua, na asishike bunduki iliyopakiwa akiwa nje ya maji. Msomaji ataona kwamba masharti haya hayakutungwa ovyo. Kukataza mtungi wa hewa ni kumwachia samaki kina ambacho pumzi ya mtu haifiki. Kukataza usiku ni kumwachia usingizi wake.

Kenya ilikataza bunduki hizi kwa tangazo la serikali la mwaka 2001, na Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 ziliziweka miongoni mwa zana zisizoruhusiwa. Mahali ambapo watu wengi hutegemea mwamba mmoja mwembamba kwa kitoweo cha kila siku, na bunduki yaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kijana yeyote, masharti ya Ufaransa yangekuwa magumu kusimamiwa. Mwalimu mwenye shaka juu ya zana yoyote na amwulize Bwana Samaki wa mahali pake.

Hitimisho

Bunduki iliyo bora haipatikani kwa kutazama nguvu zake peke yake. Mpira mkali hudai mwili mzito. Mwili mrefu hudai maji safi na nafasi ya kugeuka. Mshale ufikao mbali hudai jicho lisilodanganyika. Na vyote pamoja hudai pumzi ambayo mzamiaji hana budi kuibakiza kwa safari ya kurudi. Mahali vipimo hivyo vinapokubaliana huwa ni padogo, na mara nyingi huangukia kwenye bunduki fupi na dhaifu kuliko ile ambayo mnunuzi aliitamani. Baada ya hayo yote hubaki swali ambalo fizikia hailijibu, nalo ni samaki yupi aachwe.

Jaribio la darasani

Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa sentimeta 1 na urefu wa sentimeta 20. Uning'inize kwenye msumari, na mwisho wake ufunge mfuko. Ongeza mawe yaliyopimwa, gramu 200 kila mara, na uandike urefu wa mpira. Kisha ondoa mawe moja moja na uandike tena. Chora grafu ya kani na mvuto, ukichukua gramu 100 kuwa nyutoni 1. Wanafunzi wataona kwamba mstari wa kurudi upo chini ya mstari wa kwenda. Eneo lililo kati ya mistari hiyo miwili ni nishati iliyopotea kuwa joto. Wakati wa jaribio macho yakae mbali na mpira, na mpira usifyatuliwe.

Maswali

1. Mpira huvutwa meta 0.5, na kani yake huongezeka sawasawa kutoka sifuri hadi nyutoni 300. Tafuta nishati iliyowekwa akiba. (Jibu: jouli 75.)

2. Mzamiaji ana hewa ya lita 5 mapafuni akiwa juu ya maji. Itakuwa na ujazo gani kwenye kina cha meta 15? (Jibu: lita 2.)

3. Samaki anaonekana kuwa meta 2.4 kutoka kwenye miwani. Umbali wake halisi ni upi? (Jibu: meta 3.2.)

4. Eleza kwa nini kuhema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama ni hatari, ingawa humfanya mtu aweze kukaa chini kwa muda mrefu zaidi.

5. Jadilini: kijiji kimoja cha pwani kinataka kulinda mwamba wake. Je, kianze kwa kukataza zana fulani, kwa kufunga sehemu ya mwamba, au kwa kuweka kipimo cha chini cha samaki? Toeni sababu zinazotokana na makala haya.